Almuerzo ya Mng'ato Mmoja

Jumatatu, 16 Septemba

Niandike upesi kabla wazo halijapoa.

Saa tatu na nusu asubuhi baa ilifurika. Wavuna zabibu wote wa kijiji! Wako mashambani tangu alfajiri, wanaingia na vumbi lao na njaa yao, wanadai almuerzo, kile chakula cha katikati ya asubuhi. Huku kwetu mtu anaweza kukosa misa, hakosi almuerzo. Zeituni kwanza, na karanga, na divai iliyochanganywa na soda. Kisha nusu nzima ya mkate mrefu, umepasuliwa tumbo na kushindiliwa soseji, mayai na pilipili hoho za kukaanga. Kisha kahawa yenye ramu. Ndipo wanakumbuka kwamba duniani kuna zabibu.

Ng'ambo ya uwanja, baa ya Fulgencio: nzi na padri. Nilisimama mlangoni makusudi ili anione ninavyotabasamu.

Wavunaji hufuata mapishi ya mkono wa mke wangu, Reme. Nakiri humu tu, kwingine nitakana. Fulgencio ni binamu yake, na jana baada ya misa kamwambia tena eti jiko lake jipya linamngoja, aseme neno tu. Reme alicheka. Mimi sikucheka. Huyu mwanamke akivuka uwanja, nimekwisha. Nitabaki na meza, viti na uso wangu, na hakuna aliyewahi kuingia humu kwa ajili ya uso wangu.

Sasa wazo. Doña Encarna, anayefundisha Kilatini sekondari, alikuwa kaunta na kahawa yake. Kasema, bila hata kuulizwa, eti neno almuerzo tumelirithi kwa Warumi. Wao walikuwa na neno morsus, yaani mng'ato, jino linapozama mara moja tu. Ile "al" ya mwanzoni imetoka kwa Waarabu waliotutawala, ikajibandika hapo ikakataa kuondoka. Lakini kiini cha neno ni mng'ato.

Mng'ato! Nikageuka kumtazama mzee Evaristo, msimamizi wa wavunaji, anavyoushambulia mkate wake kwa mikono miwili. Ule si mng'ato. Ule ni ubomoaji! Miaka yote hii tunawapa watu zaidi kuliko neno lenyewe linavyowaahidi!

Sina usingizi. Nina furaha.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemweleza Reme. Almuerzo halisi, kama neno linavyotaka: mng'ato mmoja. Bei ileile, maana Kilatini nacho kina gharama zake.

Alikuwa anakata vitunguu. Kauliza kama nimeanguka mahali. Nikasema sijaanguka. Kauliza nani kanitia maneno hayo. Nikasema Warumi. Akaweka kisu chini. Kasema watu wale wameinama shambani tangu kungali giza, hawali neno, wanakula mkate. Kasema mkono wake haukuzaliwa kupikia wanasesere, na nikiendelea ataupeleka mahali unapoheshimiwa.

Utani wake huo. Reme ana utani mkavu sana.

Nimeikata mikate mwenyewe. Kipimo: kinywa changu. Naweka, nafumba, nang'ata, natoa, napima kwa rula. Mikate kadhaa imeteketea kwa sababu nilishindwa kujizuia kumeza. Utafiti una hasara zake.

Kisha nikaandika ubaoni kwa chaki: ALMUERZO YA ASILI. MNG'ATO MMOJA KAMILI. Nikautundika mlangoni. Nimetoka nje mara nyingi kuusoma kana kwamba napita njia tu. Kila nikiusoma nashtuka kwa uzuri wake.

Jumatano, 18 Septemba

Uzinduzi. Matokeo mchanganyiko.

Evaristo alikaa, akasugua mikono, akaletewa sahani. Akaitazama. Akaushika mng'ato kwa vidole viwili, akautia wote kinywani, akatafuna, akameza. Kisha akaniuliza kwa upole almuerzo inakuja lini.

Baa nzima kicheko! Nikapanda juu ya kiti kuwaelimisha. Nikawaeleza morsus, Warumi, jino. Evaristo alisikiliza mpaka mwisho, haki yake nampa. Kasema sasa ameelewa kwa nini Warumi wote wamekwisha.

Kijana mmoja wa kundi lake kauliza kama kahawa nayo tutapewa ya kulamba. Mwingine kaangalia chini ya sahani. Wakamaliza karanga zote na zeituni zote. Mmoja aliondoka na chupa ya siki, sijui kwa hasira au kwa njaa.

Reme hakutoka jikoni. Nilisikia sufuria zikigongana kuliko kawaida.

Faraja imetoka kwa Bwana Desmond. Huyu ni Mwingereza mstaafu aliyenunua nyumba karibu na kanisa, ana ngozi nyekundu na moyo mweupe, hula kwetu kila siku. Mng'ato wake aliukata kwa kisu na uma, maskini, vipande vitatu. Nikamweleza habari ya morsus. Macho yakamwaka. Kasema kwao Uingereza wana neno morsel, maana yake kijitonge, kipande kidogo cha kuonja, na limetoka mlemle kwenye jino la Warumi.

Nilimbusu kipaji cha uso. Alishtuka.

Kumbe hata Waingereza! Nchi mbili haziwezi kukosea pamoja. Nimeongeza ubaoni: MORSEL. INATAMBULIWA KIMATAIFA.

Ijumaa, 20 Septemba

Mambo yameharibika kidogo.

Jana nusu ya meza tupu. Leo zote. Evaristo na watu wake walifika hadi mlangoni pangu, wakasoma ubao, wakavua kofia kana kwamba nina msiba, wakageuka, wakavuka uwanja. Kundi zima! Wengine hata walikuwa wanaimba.

Fulgencio, yule fisadi, kaweka dirishani mkate mzima, mkubwa kama mtoto mchanga, kaufunika kitambaa cheupe. Juu yake kaandika: HAPA HATUJUI KILATINI. Ujinga wa kujivunia namna hiyo sijapata kuuona.

Bwana Desmond peke yake ndiye aliyebaki, na hata yeye alikuwa amekuja na ndizi mfukoni. Kasema amekumbuka neno lingine la Kiingereza la ukoo huohuo: remorse. Nikaandaa chaki. Kasema hapana, hili si la ubaoni. Ni yale majuto yanayokula mtu kwa ndani. Warumi waliona kosa linamng'ata mtu, halafu likarudi kumng'ata tena, ndiyo sababu ya hiyo "re" ya mwanzoni.

Nikasema Waingereza wana mambo. Kuchanganya tumbo na dhamiri!

Hapo Reme akatoa kichwa jikoni. Kasema na sisi tunalo, Celedonio, linaitwa remordimiento, au hulijui kwa sababu halijawahi kukupata?

Akiniita Celedonio badala ya Cele, si dalili njema.

Baada ya hapo Fulgencio mwenyewe kaingia, kofia mkononi, nywele kazilaza kwa maji. Hakunisalimu mimi. Kamwambia binamu yake wateja wamemzidi, anaunguza mayai, watu wanavumilia kwa sababu ya ukubwa tu. Aje, hata wakati huu wa mavuno. Aje na masharti yake.

Reme akajifuta mikono kwenye aproni. Akanigeukia. Kasema kesho asubuhi, ama nusu mkate unarudi mezani, ama yeye anavuka. Kasema hatanikumbusha.

Nimelitafakari. Ananitisha tu. Tangu tuoane huyu mwanamke havuki uwanja ila kwa misa na dawa. Ubao unabaki.

Jumamosi, 21 Septemba

Amevuka.

Nilikuwa naupanga mng'ato kwenye sahani. Akapita nyuma yangu, akachukua aproni yake, akachukua lile kaango jeusi la chuma alilopewa na bibi yake, akatoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Nilisimama kizingitini nikimwona anavuka na kaango begani. Evaristo akamfungulia mlango. Wakampigia makofi! Makofi, kwa mwanamke anayeenda kazini!

Nikapika mwenyewe. Mayai ni kitu kigumu kuliko watu wanavyodhani. Bwana Desmond alikula kwa adabu, kisha akauliza kama ile nyeusi ilikuwa soseji. Ilikuwa pilipili.

Kufika saa tano upepo ukageuka, harufu ya vitunguu vya Reme ikavuka uwanja ikaingia humu. Nikafunga dirisha. Ikapita chini ya mlango. Nikaweka tambara. Nikakaa sakafuni na lile tambara nikainusa.

Jumapili, 22 Septemba

Nimempata Doña Encarna akitoka kanisani. Nikamtaka atoe tamko rasmi, mbele ya padri ikiwezekana, kwamba mkate wa Fulgencio unakwenda kinyume na Kilatini.

Kasema maneno hayakai mahali pamoja. Kasema yeye alitaja tu neno lilikotoka, hakusema watu warudi huko. Kasema hata "mng'ato", kuna watu waking'ata huwa hawaachi, na akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikamuuliza asubuhi kala wapi. Alikuwa na chembe za mkate kwenye shali.

Elimu imetusaliti.

Nyumbani Reme hanuni. Hilo ndilo linalonitisha. Kaniambia kazi ni nyingi kule, lakini jiko ni zuri, halitoi moshi. Kisha akalala. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikabaki nao mkononi.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nimefanya ujasusi.

Kofia ya majani ya wavunaji, miwani ya jua, leso shingoni, vumbi kidogo usoni kwa ajili ya ukweli. Nikajichanganya na kundi la Evaristo saa tatu na nusu, nikaingia kwa Fulgencio, nikakaa pembeni kabisa. Lengo: kugundua udhaifu wa adui. Nikaagiza kwa sauti nzito. Hakuna aliyenitambua! Nilijisifu moyoni.

Zikaja sahani. Kila mtu nusu mkate, umevimba, mafuta yanatiririka. Kila mtu. Kisha Fulgencio akaleta yangu, kaibeba kwa mikono miwili, sahani kubwa kuliko zote. Katikati yake, peke yake, mng'ato mmoja.

Akatangaza kwa sauti kwamba hiyo imetoka kwa mpishi, na mpishi anauliza kama kipimo ni sahihi au alete rula.

Watu walilia kwa kucheka. Evaristo alishikilia meza. Nikavua miwani, maana haikuwa na kazi tena. Nikaula ule mng'ato polepole ili usiishe, ukaisha. Ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu ajabu! Mtu anaonjeshwa halafu ananyang'anywa. Machozi yakanitoka, nikasingizia kitunguu. Yule kijana wa Evaristo kasema hakuna kitunguu ndani. Kijana hana malezi.

Jumatano, 25 Septemba

Kuna kitu kinaniuma chini ya mbavu.

Kilianza jana nikifuta meza ambazo hakuna aliyezichafua. Nikanywa dawa ya tumbo. Hakikuondoka. Leo nimeingia jikoni kutafuta chumvi, nikaona ule msumari ukutani ambapo kaango hukaa, kuna duara jeusi la masizi na katikati hamna kitu. Kikaniuma tena, palepale.

Nimemwonyesha Bwana Desmond mahali penyewe. Kabonyeza kidogo. Kauliza huanza lini. Nikasema nikimwona Reme kupitia dirisha la Fulgencio, anavyocheka. Kauliza kinakuja mara moja au kinarudi. Nikasema kinarudi.

Kanipa pole. Kasema ndicho kile cha Kiingereza.

Basi Warumi walijua! Si kuuma, ni kuuma tena. Nimekaa na meno haya ndani yangu mchana kutwa. Ukweli niuandike: si wavunaji ninaowakosa. Namkosa yeye. Namkosa akinipigia kelele kutoka jikoni kwamba nimezuia njia. Tangu Jumamosi hakuna mtu ambaye njia yake nimeizuia.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeuvunja ubao kwa goti. Ubao mzuri vile. Na goti limevimba.

Saa tatu na nusu nikavuka uwanja bila kofia, bila miwani. Reme alikuwa jikoni, mlango wazi, kaango motoni. Nikasema nimekuja kuomba radhi mbele ya watu wote. Nikaanza vizuri: nikasema neno remordimiento asili yake...

Reme akainua kijiko. Kasema bila Kilatini.

Ilikuwa ngumu sana. Mwishowe nikasema: "Reme, nilikuwa mpumbavu, nilikuwa na njaa ya faida, nikaudharau mkono wako. Baa bila wewe ni chumba chenye viti. Rudi kwenye jiko letu."

Evaristo kasema hiyo ndiyo sentensi ndefu ya kwanza yenye maana aliyowahi kuisikia kutoka kwangu. Wengine wakaunga mkono.

Reme akageuza mayai kwanza, maana mayai hayangoji. Kisha akataja masharti. Nusu mkate, milele. Kisu cha mkate ni chake, nisikiguse. Na nikipata wazo, niende nalo mtoni nikakae nalo hadi lipite. Nikakubali yote. Ningekubali hata kuungama kwa Fulgencio.

Fulgencio akaanza kulalamika: jiko je, moshi je, mkataba wa damu je? Reme akambusu shavuni. Kasema binamu, jiko lako ni zuri, lakini divai yako unaitia maji mengi, na mimi siwezi kuwatazama watu hawa machoni.

Evaristo akatubebea kaango kuvuka uwanja. Kundi zima likafuata na sahani zao mkononi, wanatafuna wanatembea. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi, na siku ya harusi viatu vilinibana.

Jumapili, 29 Septemba

Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Baa imejaa hadi barazani. Mkate unavimba, mafuta yanatiririka, Reme anaimba jikoni, ananipigia kelele nimezuia njia. Ule uchungu wa mbavuni umetoweka kabisa. Mimi ni mtu mpya. Nimejifunza, nimetubu, nimetulia.

Alasiri Doña Encarna alipita kwa merienda, ule mlo mdogo wa keki na chokoleti ya moto kabla ya jua kuzama. Bwana Desmond alikuwa naye meza moja. Nilikuwa nawahudumia tu, sikuwa natafuta chochote. Mwalimu kasema, bila hata kuulizwa, eti merienda nayo ni ya Warumi. Wao waliita merenda. Maana yake kitu cha kustahili, chakula anachopewa aliyekitolea jasho.

Bwana Desmond kaweka kikombe chini. Kasema kwao kuna merit, yaani stahili ya mtu, na ni ndugu wa damu na merienda.

Nikabaki nimeshika sinia.

Kustahili! Kwa hiyo si ya kila mtu! Na sisi tunamgawia keki yeyote mwenye kiti! Nani kawahi kuwauliza hawa watu wamefanya nini cha maana tangu mchana? Wengine wametoka kulala!

Na hili si kama lile la kwanza, hata kidogo. Lile lilikuwa suala la ukubwa. Hapo nilikosea, nimekiri. Hili ni suala la haki. Nusu mkate siugusi, kisu sikigusi, masharti yote nayaheshimu. Nitauliza tu swali moja, kwa heshima, kabla ya kukata keki: umestahili kwa lipi? Akijibu vizuri, anakula. Asipojibu vizuri, anakunywa maji.

Mtoni nilikwenda, nisije nikaambiwa sikwenda. Nimekaa na wazo hadi jua kuzama. Halikupita. Limekua.

Naanza kesho. Kila Jumatatu alasiri mama mkwe, Bibi Práxedes, huja na mashoga zake wa rozari, hukaa meza ya dirishani na kumaliza keki nzima ya malimau. Huyo ndiye wa kuanza naye. Akikubali yeye, kijiji kizima kitakubali.

Reme bado hajui. Nitamwambia nikishamaliza na mama yake.